Kutoka Upepo Hadi Jenoside: Rwanda Ilivyotafuta Jina la Uhalifu

1933–1963: Upepo usio na mwenyewe

Wanyarwanda waliokuwa watoto mwaka 1959 walikua wakiwasikia wazazi wao wakiyaita matukio ya Novemba mwaka huo muyaga. Ni neno la nyumbani kabisa; maana yake upepo. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Dominique Mbonyumutwa, chifu mdogo wa Kihutu aliyeshambuliwa tarehe 1 Novemba, ameuawa. Kwa siku chache nyumba za Watutsi zilichomwa moto, mamia ya watu wakapoteza maisha, na maelfu wakaanza safari za ukimbizi kwenda Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Watawala wapya waliyaita hayo mapinduzi. Vijijini watu walisema upepo umevuma.

Kila mtu alilielewa neno hilo, na hapo ndipo penye tatizo. Upepo haukamatwi wala haupelekwi mahakamani. Ukishapita, watu huezeka upya na kuendelea na maisha. Neno lililofika kila kilima cha Rwanda halikumtaja mchomaji wala aliyechomewa, wala sababu ya huyu kuchomewa na jirani yake kuachwa.

Sababu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Baada ya sensa ya 1933 na 1934, serikali ya Wabelgiji iligawa vitambulisho vilivyomtenga kila mtu katika kundi lake. Katika vitambulisho vilivyotumika hadi 1994 kulikuwa na mstari wenye neno ubwoko, na kando yake majina manne: Hutu, Tutsi, Twa, Naturalisé. Yasiyomhusu mwenye kitambulisho yalikatwa kwa kalamu, likabaki moja. Ubwoko nalo lilikuwa neno la kale. Kabla ya makarani, watu walilitumia kwa ukoo: Abanyiginya, Abega, Abasinga na wengineo, koo ambazo ndani yake walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa kwa pamoja. Ofisi ililichukua neno linalojulikana na wote, ikalitwisha maana nyingine, na baada ya kizazi kimoja ile maana ya ofisini ndiyo iliyokuwa na uzito barabarani.

Desemba 1963, baada ya wakimbizi wenye silaha kuvamia kutoka Burundi na kurudishwa nyuma, maelfu ya Watutsi waliuawa, hasa Gikongoro. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliyaeleza mauaji hayo kuwa mabaya na ya kupangwa kuliko yoyote yaliyoonekana tangu Wayahudi walipoangamizwa na Wanazi. Jina la kisheria la uhalifu wa namna hiyo lilikuwapo tayari wakati huo. Lilikuwa tu mbali na Kigali.

1941–1977: Neno la vitabuni

Agosti 1941 Winston Churchill, akizungumza redioni juu ya mauaji ya majeshi ya Hitler, alisema dunia inakabiliwa na uhalifu usio na jina. Aliyeutafutia jina ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland aliyekimbilia Marekani. Katika kitabu kilichochapwa Washington mwaka 1944 aliunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya kabila au kizazi na kiambishi cha Kilatini chenye maana ya kuua, akapata genocide, mauaji ya kimbari. Maneno yaliyokuwapo yalihesabu maiti na kulaani ukatili. Lemkin alitaka neno ambalo kiini chake ni nia: kuwalenga watu kwa sababu tu ya kundi walilozaliwa ndani yake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 uliufunga ufafanuzi huo: vitendo kadhaa vilivyotajwa kimoja kimoja, vinavyofanywa kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Wajumbe walibishana karibu kila neno. Makundi ya kisiasa yaliachwa nje, Umoja wa Kisovieti ukiwa miongoni mwa waliopinga yaingizwe. Kwa mwanasheria, wembamba huo ndio nguvu ya ufafanuzi, kwa sababu anajua kilichomo na kisichomo. Mkulima wa Gikongoro hakuwahi kulisikia neno lenyewe.

Rwanda ilijiunga na mkataba mwaka 1975, katika enzi ya Rais Juvénal Habyarimana. Baada ya hapo haikufanya kitu. Kanuni ya Adhabu ya 1977 haikuweka kifungu cha kosa hilo wala adhabu yake. Dola ilikubali mbele ya dunia kwamba kosa hilo lipo, lakini haikusema atakayelitenda atafungwa miaka mingapi, na haikuwa na jina lake katika Kinyarwanda cha mahakamani. Pengo hilo lilikuja kuwasumbua mahakimu wa Kigali miaka ishirini baadaye.

1990–1994: Washirika, mende, kazi

Vita vilianza tarehe 1 Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF, waasi waliotoka miongoni mwa wakimbizi wa Kitutsi, walipoingia kutoka Uganda. Ndani ya siku chache maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikamatwa Kigali na kwingineko, wakaitwa ibyitso, yaani washirika. Kisheria, mshirika ni mtu aliyesaidia kosa fulani, na mwendesha mashtaka ana wajibu wa kuonyesha alisaidia nini, lini na vipi. Oktoba ile ulitosha ule mstari wa kitambulisho.

Neno jingine lilikuwa inyenzi, mende. Lilianza miaka ya 1960 likiwataja wakimbizi waliokuwa wakivamia usiku. Miaka thelathini baadaye lilikuwa limepanuka hadi kumfunika Mtutsi yeyote, mtoto mchanga akiwamo. Kisha kuna gukora, kitenzi cha kila asubuhi: kufanya kazi. Wananchi walikwishazoea kuitwa kwenye umuganda, kazi za pamoja za kulima na kutengeneza barabara. Tarehe 19 Aprili 1994, Rais wa muda Théodore Sindikubwabo alikwenda Butare, mkoa ambao mauaji yalikuwa hayajashika kasi, akawahimiza watu wafanye kazi na kuwakemea waliokuwa wakitazama tu kana kwamba hayawahusu. Hakutamka neno kuua. Majaji wa mahakama ya kimataifa ya Arusha walikubali baadaye kwamba waliomsikiliza walimwelewa vizuri.

Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilijengwa juu ya uwezo huo wa maneno mepesi. Radio Rwanda ilikuwa na lugha ya kiserikali, nzito na ya taratibu. RTLM ilipiga muziki, ikatania, ikapokea simu za wasikilizaji na kuzungumza Kinyarwanda cha baa na cha kituo cha basi. Vijana waliipenda. Hakuna aliyehitaji kamusi kuielewa, na mauaji yalipoanza ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha kwa sauti ile ile ya mazoea.

Ugumu wa kuyashika maneno kama hayo mahakamani unaonekana vizuri katika kesi ya Léon Mugesera. Tarehe 22 Novemba 1992 alihutubia mkutano wa chama tawala huko Kabaya, akazungumzia kuwarudisha watu Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Alikimbilia Kanada. Kwa miaka mingi mawakili wakabishana juu ya tafsiri kadhaa za hotuba moja: je, ni usafiri aliouzungumzia, au maiti zinazoelea? Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliyasoma maneno hayo kwa upande wake. Juni 2005 Mahakama Kuu ya Kanada iliyasoma kwa masikio ya watu waliokuwa uwanjani siku ile, ikaruhusu arudishwe. Alifikishwa Kigali Januari 2012, na Aprili 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Sentensi ambazo mkulima wa Kabaya alizielewa palepale zilihitaji zaidi ya miaka ishirini kuthibitishwa kwa wanasheria.

Aprili–Juni 1994: Ufafanuzi bila jina

Mauaji yalianza Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili, baada ya ndege ya Habyarimana kudunguliwa. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu wapatao 270. Siku tisa baadaye Baraza hilohilo likatoa tamko.

Tamko la tarehe 30 Aprili linastahili kusomwa polepole. Linakumbusha kwamba kuwaua watu wa kundi la kikabila kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, ni uhalifu unaoadhibiwa na sheria ya kimataifa. Huo ni ufafanuzi wa mkataba wa 1948, takriban neno kwa neno. Kilichokosekana ni jina lenyewe. Balozi Colin Keating wa New Zealand, aliyekuwa rais wa Baraza mwezi huo, alitaka litajwe. Wengine wakakataa, na Rwanda yenyewe, ikiwakilishwa na serikali iliyokuwa ikiongoza mauaji, ilikuwa na kiti mezani. Likabaki tamko lenye maana yote ya neno na lisilo na neno.

Kukwepa huko hakukutokana na kutojua. Karatasi ya ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya tarehe 1 Mei, iliyotolewa hadharani miaka kadhaa baadaye, ilitahadharisha kwamba kukiri kuwa ni mauaji ya kimbari kungeweza kuilazimisha serikali kuchukua hatua. Neno la kitaalamu lilikuwa na meno kwa sababu lilikuwa la kitaalamu: nyuma yake kulikuwa na mkataba wenye saini. "Machafuko", "umwagaji damu" na "vita vya kikabila" hayakuwa na mkataba wowote nyuma yake. Ndiyo maana viongozi wa nchi kubwa, watu wenye jopo la wanasheria kila mlango, wiki zile waliongea kama watu wa mtaani.

Tarehe 8 Juni azimio namba 925 la Baraza lilitaja "vitendo vya" mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Christine Shelly, alirudia maneno hayohayo mbele ya waandishi wa habari, na Alan Elsner wa Reuters akamuuliza ni vitendo vingapi vinahitajika ili yawe mauaji ya kimbari kamili. Hakupata jibu. Wakati huo Kigali ilikuwa imeshahesabu siku 65 za mauaji. Yalipokwisha mwezi wa saba, waliouawa walikuwa zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda.

1996–1998: Taba, kwa lugha tatu

Serikali mpya iliyoingia Julai 1994 ilikuta magereza yanayojaa na mahakama zisizo na watu. Majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa, na wengine wamekimbia au wameshiriki. Ilikuta pia lile pengo la 1975. Huwezi kumpa mtu adhabu ambayo haikuwa kwenye kitabu alipotenda kosa. Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996 ilipata njia kwa kuyaunganisha makosa mawili: aliyeshtakiwa angehukumiwa kwa uhalifu uliotajwa katika mikataba ambayo Rwanda ilijiunga nayo, lakini adhabu ingetoka kwenye makosa ya kawaida ya Kanuni ya Adhabu, kama vile kuua na kujeruhi. Kesi za kwanza zilianza Desemba mwaka huo.

Sheria hiyo iliwapanga washtakiwa katika makundi manne, na ndani ya kundi la kwanza, pamoja na wapangaji na viongozi, waliwekwa wauaji waliovuma kwa ukatili. Kinyarwanda kina jina lao: umwicanyi ruharwa. Hapa waandishi wa sheria walifanya jambo la busara. Badala ya kutunga istilahi, walichukua sifa ambayo majirani wenyewe ndio mashahidi wake. Ruharwa ni yule ambaye kijiji kizima kinamjua kwa ubaya wake, na kwa hiyo hoja ya kisheria ilikuwa pia swali ambalo mama yeyote muuza maharage angeweza kulijibu.

Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba 1994, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mshtakiwa Jean-Paul Akayesu alikuwa bourgmestre, yaani mkuu wa wilaya, wa Taba, isiyo mbali na Kigali. Kesi yake ilianza Januari 1997 mbele ya Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hakuna kati yao aliyejua Kinyarwanda. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akayapeleka maneno yake kwenye Kifaransa, na mwingine akayatoa kwenye Kifaransa kuyapeleka Kiingereza. Swali la wakili lilirudi kwa njia hiyohiyo.

Mahakama ikamwita Mathias Ruzindana, mtaalamu wa isimu kutoka Chuo Kikuu cha Rwanda, aeleze maneno. Majaji walijifunza kwamba Inkotanyi lilikuwa jina la jeshi la kale kabla ya kuwa jina la wapiganaji wa RPF, na kwamba kutegemea nani anasema na wapi, lingeweza kumaanisha mwanajeshi, mfuasi au Mtutsi yeyote. Walijifunza habari za inyenzi na ibyitso. Hukumu yao ina kurasa nzima za maelezo hayo, na kwa haki kabisa: bila hizo, amri ya kuua iliyotolewa kwa maneno ya sokoni ingesomeka kama gumzo la sokoni.

Wanawake wa Taba ndio waliobadilisha kesi. Hati ya kwanza ya mashtaka haikutaja ubakaji. Shahidi mmoja alipoutaja kizimbani bila kutarajiwa, na mwingine akafuata, mashtaka yakaongezwa Juni 1997. Wanawake hao walitumia vitenzi mbalimbali vya Kinyarwanda, gusambanya, kurongora, kuryamana, gufata ku ngufu. Baadhi ya hivyo katika siku za kawaida husemwa hata kwa tendo la ndoa, na mawakili wa utetezi walikuwa na nafasi ya kujiuliza ni kitu gani hasa kilichosemwa. Majaji walichunguza kila kitenzi katika muktadha wake, wakaridhika kwamba mashahidi walikuwa wakisema jambo moja. Walipofika kwenye kuufafanua ubakaji, kosa ambalo sheria ya kimataifa haikuwa imelifafanua kabla ya hapo, walikataa orodha ya viungo vya mwili. Walichagua ufafanuzi mpana: uvamizi wa kimwili wa asili ya kijinsia katika mazingira ya shuruti. Ilikuwa istilahi iliyotungwa kwa kuwasikiliza watu wasio na istilahi, na hilo lilihitaji uangalifu mkubwa kuliko kunakili vitabu.

Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alipatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa lililopewa jina na Lemkin, miaka hamsini baada ya mkataba.

2001–2012: Kwenye nyasi

Hukumu ya Arusha ilisomwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Magereza ya Rwanda wakati huo yalikuwa na watu wapatao 120,000 wanaosubiri kesi, na kwa mwendo wa mahakama za kawaida wengi wangefia ndani. Serikali ikaigeukia gacaca, baraza la kale la kijiji lililopewa jina la nyasi ambazo wazee walikalia wakisuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo. Sheria ilipita Januari 2001. Oktoba mwaka huo wananchi wakawachagua majaji wao, inyangamugayo, watu wenye uadilifu, zaidi ya 250,000 nchi nzima. Wengi walikuwa wakulima. Walipata mafunzo ya siku chache. Mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu.

Baada ya majaribio yaliyoanza Juni 2002, sheria ya 2004 ilipunguza makundi ya makosa kutoka manne hadi matatu na majaji wa kila baraza kutoka 19 hadi tisa. Mabaraza yalikuwa 12,103. Kupunguza huko kulikuwa pia kazi ya lugha, kwa sababu kila kundi lililofutwa lilikuwa tofauti moja ya kisheria ambayo mkulima hakuhitaji tena kuitenganisha na nyingine.

Kazi ilianza na madaftari. Kila akagari, eneo dogo la utawala, lilikutana mara moja kwa wiki kujaza orodha: nani aliishi hapa kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, nani aliuawa, wapi, mali gani iliharibiwa, nani anatajwa. Katibu aliandika kwa mkono, majina yakasomwa kwa sauti, wakazi wakasahihisha. Majaji walikaa kwenye benchi wakiwa wamevaa mikanda ya rangi za bendera begani, na wengine wote wakakaa chini. Kwenye daftari kama hilo "nia ya kuliangamiza kundi" iligeuka kuwa maswali yanayoulizika: Mlikuwa wangapi kwenye igitero, lile kundi la washambuliaji? Nani aliwakusanya? Mlipitia nyumba zipi mkaruka zipi? Jibu la swali la mwisho, nyumba zilizorukwa, lilibeba ule ushahidi wa nia ambao majaji wa Arusha waliutafuta kwa miezi.

Lakini wepesi una gharama zake, na si haki kuzificha. Mwanasheria angetenganisha aliyepiga, aliyeshika mshale asiurushe, na aliyesimama kwenye igitero kwa kuogopa kuuawa. Baraza la kijiji mara nyingine liliwafunga wote kwa kamba moja. Kesi za visasi vya mashamba zilipenya. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2011, ililalamikia kukosekana kwa utetezi na hukumu zilizojengwa juu ya ushahidi dhaifu. Mwaka 2008 kesi za ubakaji zilihamishiwa gacaca, faraghani, na wanawake waliotegemea umbali wa mahakama kubwa wakajikuta mbele ya majaji ambao ni majirani zao.

Gacaca ilifungwa rasmi Kigali tarehe 18 Juni 2012, baada ya kushughulikia kesi 1,958,634. Hakuna darasa la sheria lililowahi kuwa na wanafunzi wengi kiasi hicho.

2003–2018: Itsembabwoko linapisha

Miaka ya kwanza baada ya 1994, Kigali ilisema itsembabwoko n'itsembatsemba. La kwanza ni kuangamiza ubwoko, la pili ni mauaji ya wengi, nalo liliwataja pia Wahutu waliouawa kwa kupinga. Yalikuwa maneno ya Kinyarwanda safi, na bibi wa miaka themanini aliyaelewa bila msaada. Hata hivyo yalikuwa na kasoro mbili. Moja ni kwamba ndani yake lilibaki ubwoko, neno la kitambulisho, wakati serikali ilikuwa imelifuta kwenye vitambulisho vipya. Nyingine ni kile kiunganishi katikati. Maneno mawili yaliyofungwa pamoja yaliacha mwanya, na wapo waliopita hapo kudai kwamba yalikuwa mauaji mawili yenye uzito sawa.

Sheria ya gacaca ya 2004 ilikuwa tayari inaandika jenoside, neno la Lemkin kwa tahajia ya Kinyarwanda. Marekebisho ya katiba ya Agosti 2008 yakakamilisha jina: jenoside yakorewe Abatutsi, jenoside dhidi ya Watutsi. Lilikuwa neno geni, lakini watu walikuwa wamekaa nalo kwenye nyasi kila wiki kwa miaka, wakiona linamhusu nani na halimhusu nani. Huenda ndiyo sababu halikuonekana geni lilipofika.

Mwaka huohuo, hata hivyo, Bunge lilitunga sheria dhidi ya itikadi ya jenoside, na hapo usahihi ukapotea. Kosa lilielezwa kwa maneno mapana kama kudhihaki, kukejeli na kuchochea chuki, kiasi kwamba mwalimu au mwandishi wa habari hakujua mpaka uko wapi. Amnesty International ilieleza mwaka 2010 jinsi watu walivyochagua kunyamaza. Nchi iliyokuwa imepigania miaka kumi na minne jina lisiloteleza ilijiandikia kosa linaloteleza. Sheria ya 2013 ililibana, ikadai nia na uwazi wa hadhara, na sheria namba 59 ya Agosti 2018 ikaliandika upya, ikaorodhesha kukana ni nini: kusema kwamba haikuwa jenoside, kusema kwamba haikupangwa, kudai kwamba zilikuwa mbili.

2014–2020: New York, Arusha na Kiswahili

Aprili 2014 Baraza la Usalama, lile lililoandika ufafanuzi bila jina, lilitumia maneno "dhidi ya Watutsi" katika azimio namba 2150. Tarehe 26 Januari 2018 Baraza Kuu likabadilisha jina la siku ya kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili, ambayo tangu 2003 ilitaja tu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kuweka Watutsi ndani yake. Mwaka 2020 Marekani na Uingereza zilieleza kutoridhika na jina hilo, zikisema linawaacha Wahutu na wengine waliouawa. Jibu la Kigali limekuwa lilelile: jina la kosa humtaja aliyelengwa, na kuomboleza wengine hakuhitaji kulifuta.

Mjadala huo una sura yake ya Kiswahili. Mahakama ilikaa Arusha hadi mwisho wa 2015, na magazeti na redio za Afrika Mashariki zililazimika kupata neno la kutumia kila wiki. Wengine walisema mauaji ya halaiki. Linaeleweka mara moja, kwa kuwa halaiki ni umati, lakini linawaingiza humo wote waliouawa kwa wingi kwa sababu yoyote, na nia inadondoka njiani. Wengine walichagua mauaji ya kimbari, kutoka mbari, yaani ukoo au nasaba. Wasikilizaji wengi hawalitumii neno mbari nyumbani, lakini kundi linalolengwa limo ndani yake. Maneno yote mawili bado yanasikika, wakati mwingine katika taarifa moja ya habari.

Kwa Kigali hili limeacha kuwa suala la mitindo ya vyumba vya habari. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mhariri anayeandaa habari za Kiswahili mjini humo kila Aprili, akiandika "vita vya kikabila vya 1994" kwa sababu wasikilizaji wameyazoea maneno hayo, anabanwa na vifungu vilevile vya sheria ya 2018 vinavyombana mwenzake wa Kinyarwanda. Anayeandika "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi" anatumia maneno matano zaidi ya "machafuko", na redioni itambidi ayafafanue mara nyingi, kama madaftari ya gacaca yalivyofanya, nyumba kwa nyumba.